Kuhamisha santuri kwenda dijitali kwa vifaa vya daraja la juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu mwenye santuri anazozithamini, ambaye tayari ana vifaa vizuri au anajiandaa kuvinunua, na anataka faili ambazo hatahitaji kuzirudia baada ya miaka michache. Msimamo wangu nausema mapema: sauti hupatikana au hupotea pale ncha ya sindano inapogusa mfuo, yaani mstari uliochongwa kwenye santuri. Vifaa vyote vinavyofuata kazi yao ni kuitunza tu.

Albamu nyingi zipo tayari kwenye intaneti. Kwa nini nijisumbue?

Mara nyingi kilichopo kwenye intaneti sicho kilichopo kwenye santuri yako. Albamu ya zamani ikitolewa upya huchakatwa upya, na tangu miaka ya 1990 matoleo mengi yamepandishwa sauti hadi tofauti kati ya mahali pa kunong'ona na mahali pa kishindo imebaki ndogo. Matoleo mengine yametokana na mkanda wa nakala ya nakala, kwa kuwa mkanda wa asili ulipotea au uliharibika. Halafu kuna singo za mizunguko 45 kwa dakika na nyimbo za upande wa B ambazo hazikuwahi kutolewa tena popote. Kwa hizo, santuri iliyo mkononi mwako huenda ndiyo chanzo bora kilichobaki duniani.

Ikiwa toleo la dijitali lipo, lisikilize kwanza sambamba na santuri. Likikuridhisha, muda wako upeleke kwenye santuri isiyo na mbadala.

Nina fedha za kutosha. Nianzie wapi?

Anza na usafi wa santuri, kisha sindano na katriji (kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme), kisha ufungaji wake, kisha mashine na mkono wake, kisha priampu (kikuza-sauti cha awali cha santuri). Kigeuzi cha kupeleka sauti kwenye kompyuta ndicho cha mwisho.

Wengi huanzia mwisho, wakanunua kigeuzi cha bei kubwa kwanza. Kigeuzi kizuri cha leo, hata cha daraja la kati, kina sakafu ya kelele, yaani kelele yake yenyewe, iliyo chini ya kilele kwa desibeli 110 au zaidi. Santuri yenyewe, hata iliyochapwa vizuri, ni nadra kuvuka desibeli 70. Kwa hiyo kigeuzi kimeishinda santuri kwa mbali kabla hujafikia vifaa vya studio. Sindano, kinyume chake, ni chombo cha kimakanika kinachokimbizana na mawimbi membamba kuliko unywele, na hapo ndipo tofauti kati ya kifaa cha kawaida na cha daraja la juu inasikika bila kubishana.

Mashine yangu ina tundu la USB. Haitoshi?

Kwa kusikiliza safarini, inatosha. Kwa hifadhi ya kudumu, hapana. Mashine nyingi za namna hiyo zina kigeuzi cha biti 16 ndani, priampu ya bei nafuu, na udhibiti hafifu wa kiwango cha kurekodi. Lakini nyingi zina njia ya kawaida ya kutolea sauti pia. Itumie hiyo na priampu ya nje, utaona mashine ile ile ikibadilika.

Nichague katriji ya MM au MC?

MM, yaani sumaku inayocheza, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, na priampu huipokea kwa mzigo wa kilo-ohm 47 na kuikuza kwa desibeli 40 hivi. MC, yaani koili inayocheza, hutoa mara nyingi milivolti 0.2 hadi 0.5, kwa hiyo huhitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi, na kelele yoyote ya priampu hukuzwa pamoja nayo. Ndiyo sababu MC ya bei kubwa kwenye priampu dhaifu ni hasara.

MM nayo ina mtego wake, nao ni kebo. Katriji nyingi za MM zimeundwa kwa mzigo wa kapasita wa pikofaradi 100 hadi 200, ukijumlisha waya wa mkono, kebo na priampu yenyewe. Kebo ikiwa ndefu kupita kiasi, sauti za juu huinuka mahali fulani kisha huanguka. Utasema katriji ni kali masikioni, kumbe ni kebo. Tumia kebo fupi, isiyozidi mita moja ikiwezekana.

Bei peke yake haikupi jibu. Denon DL-103, MC iliyoundwa mwaka 1962 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, bado inatengenezwa na bado inaheshimiwa, ingawa ncha yake ni ya duara tu na hutaka kukandamizwa kwenye mfuo kwa uzito wa gramu 2.5. Ila inahitaji mkono mzito kiasi. Uzito wa mkono na ulaini wa katriji vikipatana, mtetemo wao wa asili huangukia kati ya Hz 8 na 12: juu ya mitetemo inayoletwa na santuri iliyopinda, na chini ya muziki wenyewe. Visipopatana, utaziona koni za spika zikicheza huku na huko bila sauti yoyote.

Umbo la ncha ya sindano lina uzito gani hasa?

Kwangu, ndilo jambo kubwa kuliko yote.

LP, yaani santuri ya kawaida ya albamu, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, mwanzoni na mwishoni vilevile. Lakini mwanzoni mwa upande, karibu na ukingo, mfuo hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo hushuka hadi sentimita 21 hivi. Muziki ule ule sasa umebanwa kwenye urefu usiofikia nusu. Mawimbi ya sauti za juu huwa mafupi kiasi kwamba ncha ya duara haiwezi kuingia kwenye mikunjo yake, huipita juu juu. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande husikika una ukakasi, hasa kwenye herufi "s" za mwimbaji.

Ncha ya duaradufu hupunguza tatizo. Ncha zilizochongwa kwa namna ya Shibata, au zile nyembamba zaidi zinazoiga sindano ya mashine ya kukatia santuri, hulipunguza zaidi: ni nyembamba upande wa mwendo wa mfuo, lakini hugusa kuta zake kwa mstari mrefu wa wima. Umbo la Shibata lilibuniwa Japani kwa ajili ya santuri za CD-4, zenye idhaa (njia za sauti) nne badala ya mbili za stirio, zilizobeba mawimbi hadi kHz 45 hivi. Chombo kilichoweza kusoma hayo husoma "s" ya mwimbaji bila taabu.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Santuri iliyochezwa miaka mingi kwa ncha ya duara imelika mahali ncha hiyo ilipogusa. Ncha ya mstari mrefu huweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo haijawahi kuguswa, na santuri uliyodhani imekwisha ikasikika upya. Kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo mwenye katriji mbili za maumbo tofauti ajaribu zote kwa dakika mbili kabla ya kurekodi upande mzima.

Nitajuaje kwamba katriji imefungwa sawasawa?

Tumia kile ulicho nacho tayari: kigeuzi na kompyuta ni vyombo vya kupimia.

Kwanza pembe. Katriji ya mkono unaozunguka kwenye egemeo huwa sambamba kamili na mfuo mahali pawili tu. Kwa mpangilio unaoitwa Baerwald, mahali hapo ni milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Chapisha kipimo cha karatasi, hakikisha hakijapunguzwa wakati wa kuchapisha, weka ncha kwenye kila nukta, na angalia kishikio cha sindano, usiangalie kasha la katriji, kwa kuwa vitu hivyo viwili havilingani siku zote.

Pili uzito. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma sehemu za mia za gramu. Ukiwa na shaka, elekea upande mzito wa kiwango alichotaja mtengenezaji. Watu huogopa uzito, lakini sindano nyepesi mno huruka na kuzigonga kuta za mfuo, na jeraha hilo halifutiki.

Tatu mlalo wa kushoto na kulia. Hapa kuna njia ninayoipenda sana. Chukua santuri ya mono iliyo safi, rekodi dakika moja, kisha kwenye programu geuza idhaa moja juu chini na uijumlishe na nyingine. Muziki wa mono uko sawa kwenye kuta zote mbili, kwa hiyo unapaswa kujifuta. Kinachobaki ni vumbi, mvumo na kasoro za ufungaji. Sawazisha kwanza viwango vya idhaa mbili, halafu inamisha katriji kidogo sana, rekodi tena, sikiliza mabaki. Pale mwimbaji anapozama kabisa ndipo pake.

RIAA ni kitu gani, na je, niiachie kompyuta?

Santuri haichongwi kwa sauti unayoisikia. Besi ikichongwa kama ilivyo, mfuo ungeyumba mno na kula nafasi. Sauti za juu zingezama kwenye kelele ya plastiki. Kwa hiyo wakati wa kukata, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kwa desibeli 20 hivi kwenye miisho yote miwili, na priampu hufanya kinyume chake. Mpangilio wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, ulikubaliwa huko mwaka 1954 na kuenea kwingineko.

Unaweza kukuza ishara bila kuisahihisha na kuiachia programu kazi hiyo. Faida ni mbili: hesabu ya kompyuta haina makosa ya vipuri, na milio ya mikwaruzo hubaki mikali, hivyo programu huitambua kwa urahisi. Hasara ni kwamba unahitaji nafasi kubwa juu ya kiwango cha kurekodi, na huwezi kusikiliza unachorekodi bila kupitisha masahihisho. Kwa LP za stirio mimi hubaki na priampu nzuri ya analogi. Kwa santuri za kabla ya 1954, kila kampuni ilipokuwa na mpangilio wake, njia ya kompyuta ndiyo yenye akili.

Biti ngapi, na sampuli ngapi?

Biti 24 (undani wa kila kipimo cha sauti), kHz 96 (vipimo, yaani sampuli, 96,000 kwa sekunde). Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, huweka biti 24 na kHz 48 kuwa kiwango cha chini kabisa, na kupendekeza kHz 96.

Biti 24 hazihitajiki kwa sababu santuri ina utulivu wa kiasi hicho, haina. Zinahitajika ili urekodi ukiwa na nafasi ya kutosha juu, bila kuogopa kilele, na bado ubaki mbali na sakafu ya kelele. kHz 96 huipa programu ya kusafisha nafasi ya kuutofautisha mkwaruzo na ala. kHz 192 hujaza diski bila kuongeza chochote nilichowahi kukisikia. DSD, muundo mwingine wa dijitali unaotumia biti moja kwa kasi kubwa, ni ngumu kuhariri bila kuigeuza kwanza, kwa hiyo kwa kazi hii siipendekezi.

Dakika moja ya stirio kwa biti 24 na kHz 96 ni megabaiti 35 hivi. Albamu ya dakika 40 haifiki gigabaiti 1.5.

Kiwango cha kurekodi niweke wapi?

Tafuta mahali penye kishindo zaidi kwenye santuri, weka kilele chake karibu na desibeli 6 chini ya sifuri (kikomo cha juu cha kurekodi), au hata 10. Usiguse tena kitufe hadi pande zote mbili zimalizike. Albamu iliyopangwa vizuri ina uwiano wake kati ya wimbo na wimbo, na ukibadilisha kiwango katikati umeuvunja. Mkwaruzo mkubwa ukigonga sifuri hilo halina shida, utaondolewa baadaye.

Rekodi upande mzima kwa mara moja. Kugawa nyimbo ni kazi ya baadaye.

Santuri nizisafishe vipi?

Kwa maji, si kwa brashi kavu peke yake. Mashine ya kufyonza hupaka maji yenye kisafishaji kidogo, kisha huyavuta yakiwa bado yamebeba uchafu. Mashine ya mawimbi ya ultrasoniki hufika ndani zaidi. Ukiweza, tumia zote mbili: ultrasoniki kwanza, halafu suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na kufyonza. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mfuo, na chumvi hiyo utaisikia.

Safisha hata santuri mpya. Na baada ya kusafisha, iingize kwenye mfuko mpya wa ndani, kwa sababu ule wa zamani umejaa vumbi lile lile uliloliondoa.

Kuna mvumo wa chini usiokwisha. Unatoka wapi?

Ikiwa ni Hz 50 au 60 pamoja na vigawe vyake, ni umeme wa nyumba. Kwanza angalia waya mwembamba wa ethi kutoka kwenye mashine hadi kwenye priampu. Kama umefungwa vizuri, chomoa kompyuta ya mapajani kutoka kwenye chaja yake na usikilize: mvumo ukikatika, mzunguko wa ethi unapitia kompyuta, na dawa yake ni kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja au kutumia kitenganishi cha USB. Ukibaki, sogeza priampu mbali na transfoma yoyote.

Usiuondoe kwa programu. Ukichuja hapo, unachuja na gitaa la besi.

Piano inayumba kama imelewa. Mashine imeharibika?

Hesabu muda. LP humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Myumbo ukijirudia kila sekunde 1.8, tundu la katikati la santuri halikutobolewa katikati kamili, na mashine haina kosa. Angalia kichwa cha katriji: utakiona kinakwenda kushoto na kulia polepole. Wengine hupanua tundu kidogo sana na kuisogeza santuri kwa mkono hadi kichwa kitulie. Kwa santuri adimu ni uamuzi mzito. Kuna programu za kurekebisha myumbo baadaye bila kuigusa.

Kipimo hicho hicho ni cha mikwaruzo pia. Mlio wa "tak" unaorudi kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo mmoja uliokata mifuo kadhaa.

Mikwaruzo niiondoe kiasi gani?

Kidogo kuliko programu inavyotaka. Mlio mmoja mmoja, ukiondolewa kwa mkono kwenye picha ya mawimbi, hauachi alama. Tatizo huanza unapoiachia programu ifanye kazi yenyewe kwa nguvu: tarumbeta, makofi na mwanzo wa pigo la ngoma vyote vina kingo kali, na programu huvidhani ni mikwaruzo.

Kipimo changu ni kimoja. Programu nzuri zina uwezo wa kukusikilizisha kile tu inachotoa. Sikiliza hicho. Ukisikia tak-tak peke yake, endelea. Ukisikia hata kivuli cha melodia au mdundo, umezidisha, rudisha nyuma. iZotope RX ina uwezo huo. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kwa kurekodi na kwa marekebisho ya mkono.

Na kelele ya chini inayoendelea, ile ya "shhh"? Mimi huiacha. Ukiitoa, unatoa pia hewa ya chumba walichoimbia.

Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika ninaweza kuzirekodi kwa mashine hii hii?

Ikiwa mashine ina kasi hiyo, ndiyo, lakini kamwe si kwa sindano hiyo hiyo. Mfuo wa LP husomwa kwa ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Wa 78 huhitaji mikroni 76 hivi. Sindano ndogo hukwaruza chini ya mfuo, ikisoma uchafu badala ya muziki. Pia usisafishe 78 kwa kitu chochote chenye alkoholi: nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi huiyeyusha.

Je, dijitali haitaua uhai wa santuri?

Unachokiita uhai, yaani ukataji wa wakati ule, katriji yako, hata kasoro ndogo za plastiki, vyote vimo kwenye ishara ya umeme inayoingia kwenye kigeuzi, na kigeuzi kizuri hukitoa kilivyoingia. Jaribu: mwenzako akubadilishie kati ya santuri inayochezwa na faili yake, viwango vikiwa sawa kabisa, bila kukuambia ipi ni ipi.

Kumbuka pia kwamba dijitali iliingia kwenye santuri zamani. Denon walikuwa wakitoa LP zilizorekodiwa kwa dijitali tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na watu walizipenda.

Nihifadhi kwa muundo gani?

Rekodi ghafi ya kila upande, isiyoguswa, ihifadhi kama WAV au FLAC. FLAC hubana bila kupoteza kitu na hubeba majina ya nyimbo vizuri. Nakala iliyosafishwa na kugawanywa iwe faili nyingine. Programu za kusafisha zinazidi kuwa bora, na siku utakapotaka kurudia, utahitaji ile ghafi.

Andika pamoja nayo: namba ya toleo kwenye lebo, maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo, katriji, uzito, priampu, tarehe. Piga picha za lebo na jalada. Weka nakala tatu, moja ikiwa jengo lingine.

Mashine ya leza ni bora kuliko sindano?

Ile ya ELP kutoka Japani husoma mfuo kwa mwanga, kwa hiyo haichakazi kitu. Lakini sindano husukuma vumbi dogo pembeni. Leza hulisoma kama sauti. Santuri za rangi au zinazopitisha mwanga haiwezi kuzisoma. Kwa santuri adimu nyeusi iliyosafishwa kikamilifu, inafaa. Kwa nyingine zote, ncha nzuri inaishinda.

Santuri imevunjika vipande viwili. Nitupe?

Usitupe, na usiigundishe kwa gundi. Gundi huingia kwenye mfuo na kufunga njia zote zinazobaki. Lawrence Berkeley National Laboratory ya Marekani, kazi ikiongozwa na mwanafizikia Carl Haber, ilibuni mfumo uitwao IRENE unaopiga picha mfuo kwa ukaribu mkubwa na kuzigeuza picha kuwa sauti bila kugusa kitu. Maktaba ya Bunge la Marekani imeutumia kwa silinda na santuri za zamani, zikiwemo zilizovunjika. Hufanya kazi zaidi kwa rekodi za mono za kale kuliko LP za stirio. Kila kipande kifunge peke yake kwa karatasi isiyo na asidi, vilaze bila kulaliana, na andika kwenye bahasha ni santuri ipi.